Kuvumwani Yenye Jina la Dada

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa! Nimegundua kuvumwani mpya. Haijulikani na binadamu yeyote. Nina hakika, karibu kabisa.

Imeota ukutani nyuma ya nyumba, chini ya tangi la maji, pale bomba linapovuja. Nimelitukana sana bomba hilo. Naliomba radhi. Asubuhi nilikuwa napiga mswaki nje, nikainama kutema, nikaiona: zulia dogo la kijani, na juu yake vijiti vyembamba kama nywele, kila kijiti kimebeba kifuko kichwani. Nilisahau kusukutua.

Kwa asiyejua: kuvumwani haina ua wala mbegu. Ina spora, vumbi laini linalokaa ndani ya kile kifuko mpaka siku ya kumwagika. Kila aina ina spora za sura yake. Nyingine zina nundu, nyingine vishimo, nyingine mikunjo. Majani hudanganya. Yakipata kivuli yanalegea, yakipata jua yanajikunja. Spora haidanganyi. Hayo ni maneno ya Bwana Uhakika, mkuu wa kitengo chetu pale makumbusho. Yeye akiyasema hupandisha nyusi. Mimi sipandishi.

Sasa utamu wenyewe: mgunduzi ndiye mwenye kutoa jina. Nitaipa jina la Dada! Dada ni mkubwa wangu, ndiye aliyenilea mama alipofariki, na sasa moyo wake unachoka. Tunaishi nyumba moja, yeye, binti yake na mimi. Daktari amesema tumpe kila anachopenda. Nani asiyependa kuandikwa vitabuni milele? Kilatini kikimaliza kulizungusha jina lake litasikika kama dawa ya minyoo. Si kitu.

Nimemwambia. Akauliza ni mmea gani huo. Nikamweleza. Akasema, "Aa, ule ukoga." Maisha yake yote ameusugua kwa brashi. Nikamwambia aheshimu, mdomo wa kile kifuko una meno, safu nzima, hufumba na kufumbua kwa unyevu wa hewa. Akasema ndiyo hivyo basi, penye meno hapakosi ukoga. Akacheka mpaka akakohoa. Mpwa wangu alinitazama kwa jicho baya.

Halafu Dada akaniomba nimkate kucha za miguu, maana yeye hafiki tena huko chini. Nimemwahidi jioni. Jioni nilikuwa na vifuko.

Jumanne, 5 Machi

Nimepasua vifuko kwa sindano. Vilikuwa kijani bado, vigumu kidogo. Bwana Uhakika hungoja vigeuke rangi ya hudhurungi. Yeye ana muda. Spora nimezikausha juu ya balbu ya taa ya mezani, nikazitandaza kwenye kioo, nikazichungulia kwa hadubini ya kazini wenzangu walipokwenda kula.

Mikunjo! Mikunjo mizito, kama shuka lililolaliwa! Ile kuvumwani ya kawaida ya ukutani, inayoota popote penye tofali na maji, spora zake ni duara, zimetapakaa chembechembe kama mchanga. Yangu ina mikunjo. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena.

Nikafanya kosa la kumwita Bwana Uhakika. Huyu bwana alipoajiriwa, mimi ndiye niliyemwonyesha choo kilipo. Leo ni mkuu wangu, na wataalamu wa mbali wamezipa kuvumwani mbili jina lake. Mbili! Moja isingemtosha?

Akachungulia. Akanyanyua kichwa. Akauliza anachouliza siku zote: "Una uhakika?" Kisha akataka kujua kama vifuko vilikuwa vimekomaa. Nikasema vimekomaa kiasi chake. Akasema spora changa zikikaushwa kwa pupa hunywea, zikajifanya zina mikunjo isiyo yao. Haraka haraka haina baraka, akasema. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Akafikiri kidogo, akasema basi tusibishane kwa methali: Jumapili atakuja nyumbani auone ukuta, tuchukue vifuko vilivyokomaa, tuvipeleke chuoni kwenye hadubini kubwa.

Wivu. Wivu mtupu, unamtoka masikioni kama mvuke.

Dada aliuliza imekuwaje. Nimemwambia wataalamu wameshtuka. Si uongo. Mimi pia ni mtaalamu, na nimeshtuka.

Alhamisi, 7 Machi

Hadubini kubwa ya chuo ina foleni kuliko hospitali. Msimamizi wake ni mama mmoja mwenye uso usiosoma ombi la mtu. Nikapanga kumlainisha. Nikanunua keki, ile yenye maua ya sukari juu, nikaingia nayo nikitabasamu.

Ana kisukari. Alinitazama kana kwamba nimetumwa nimmalize. Keki wameila wanafunzi wake, na mmoja alithubutu kuniambia nije tena. Nafasi yangu imebaki palepale: Alhamisi ijayo, asubuhi. Nikiikosa, nirudi mwisho wa foleni.

Lakini sikutoka mikono mitupu. Yule mama amenieleza kwamba spora hazipigwi picha hivihivi. Lazima kwanza zipakwe dhahabu. Dhahabu ya kweli! Utando mwembamba kuliko pumzi kwenye kioo. Nilirudi nyumbani karibu nikimbie. Dada, nikamwambia, ukoga wako unakwenda kuvishwa dhahabu!

Dada, ambaye hajawahi kutia hata hereni ya dhahabu sikioni, alijigusa sikio. Kisha akasema hongera zake ukoga. Ila yeye angeomba kile kitasa cha dirisha kitengenezwe, maana upepo ukivuma dirisha linagonga na hapati usingizi.

Nimemwahidi kesho.

Mpwa wangu alinifuata jikoni. Akasema, Mjomba, kaa naye kidogo, amechoka kuzungumza na mimi tu. Vijana hawaelewi. Kwani mimi ninafanya nini muda wote huu kama si kukaa naye? Kila spora ninayoitazama ni yeye ninayemtazama.

Jumamosi, 9 Machi

Ili mtu asiseme, leo nimekaa. Kuna kiti kimoja kando ya kitanda chake, kiti cha mbao, mgongo wake mgumu. Nimekikalia mchana mzima, au sehemu kubwa ya mchana, au sehemu.

Dada alikuwa na nguvu kidogo. Alinishika mkono. Mkono wake umevimba na ni baridi, kama umetoka kufua. Akaanza kunisimulia siku mama alipomwita chumbani, zile siku zake za mwisho, akafunga mlango, akamwambia neno kuhusu mimi. Dada akasema hajawahi kunieleza kwa sababu nilikuwa mdogo, halafu nikawa kijana, halafu nikawa na kazi nyingi. Akatabasamu. Akasema, "Mama aliniambia hivi..."

Nikasikia mvua kwenye bati.

Vifuko! Matone makubwa yangevivunja vyote! Nilitoka mbio, nikanyakua beseni la kufulia, nikaufunika ukuta kwa beseni huku nimelishikilia kwa mikono miwili na kichwa. Mvua ilinipiga mpaka ikachoka yenyewe. Kuvumwani haikudhurika hata unywele. Shujaa!

Niliporudi ndani, Dada alikuwa amelala. Sikutaka kumwamsha. Nitamwuliza siku nyingine.

Jumapili, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda kumpokea Bwana Uhakika njia panda, asije akapotea. Njiani nilimpigia hotuba: upekee wa ule ukuta, mwelekeo wake, uvujaji wake. Tukazunguka nyuma ya nyumba. Nikanyoosha mkono kama mtu anayefungua pazia.

Ukuta mweupe pe! Unang'aa. Unanukia sabuni.

Na Dada, Dada ambaye hafiki kwenye kucha zake, amekaa kwenye kigoda chini ya tangi, brashi mkononi, khanga imelowa, anapumua kama aliyepanda ghorofa na gunia. Mpwa wangu kasimama pembeni na ndoo, machozi yanamlengalenga. Akasema amemkataza, amemsihi, amemficha brashi. Dada hakusikia la mtu.

"Mgeni wa kazini kwako aje auone uchafu nyumbani kwangu?" Dada akasema, pumzi moja kwa kila neno. "Mimi sikukulea hivyo."

Bwana Uhakika aligeuka akatazama uzio. Mabega yake yakawa yanatikisika. Nikadhani anacheka, nikakusanya hasira zangu zote. Alipogeuka nikaona anafuta macho chini ya miwani. Akapiga goti mbele ya kigoda, akamwamkia Dada shikamoo, akamwambia katika maisha yake ya kutembelea kuta hajaona ukuta safi kama ule. Dada akafurahi kama mtoto.

Tulimwingiza ndani, tumemshika huku na huku. Ni mwepesi mno. Bwana Uhakika alikuwa ameshaona kitu: juu kabisa, kwenye kiwiko cha bomba, brashi haikufika. Shungi dogo limebaki. Na vifuko vyake ni hudhurungi, vimekomaa sawasawa. Nilipanda kigoda. Kigoda kilikuwa na sabuni. Nilianguka ndani ya ndoo ya mpwa wangu, lakini mkono wenye shungi niliuinua juu, haukugusa maji. Naomba ikumbukwe.

Nilipokuwa najikausha, Bwana Uhakika alikalia kile kiti cha kando ya kitanda. Alikaa! Niliwasikia wakinong'ona muda mrefu, kisha nikamsikia Dada akicheka, kile kicheko chake cha zamani. Nilipoingia walinyamaza. Bwana Uhakika alikuwa ameshatoa kisu chake kidogo cha kazini na kukikaza kitasa cha dirisha.

Ana kuvumwani mbili. Ana kitengo kizima. Sasa anamtaka na dada yangu.

Jumanne, 12 Machi

Dada hajainuka tangu Jumapili. Miguu imejaa maji. Anaongea maneno mawili, anapumzika. Daktari amekuja na mkoba wake, amemsikiliza kifua mbele na nyuma, ametoka ukumbini amekunja midomo. Ametuambia tuwe karibu.

Mpwa wangu amenitazama alipolisikia neno hilo. Nimelisikia pia, mimi si kiziwi. Karibu. Chuo hakiko mbali. Ukipita njia ya mkato nyuma ya soko, kiko karibu sana.

Nimewaza mpaka kichwa kimeuma. Nikiikosa Alhamisi, foleni inaanza upya. Dada hana muda wa foleni. Kwa hiyo kwenda ndiyo kumjali. Nimemwambia sikioni kwamba Alhamisi nitamletea picha ya dhahabu. Alifungua macho. Akasema, "Wewe nawe." Akanipapasa kichwa, kama zamani aliponinyoa. Kisha akapigapiga godoro taratibu, pale pembeni yake, penye nafasi.

Nilidhani ananiambia shuka linahitaji kunyooshwa. Nimelinyoosha.

Alhamisi, 14 Machi

Chumba cha hadubini kubwa ni baridi na kina giza kidogo. Simu haziruhusiwi. Nimeiacha yangu kwenye kikapu mlangoni, pamoja na za wengine. Bwana Uhakika alikuja pia. Sikumwalika.

Yule mama alizipaka spora dhahabu, akazifungia kwenye mashine, akasubiri hewa ivutwe. Kioo kikawaka. Nikaona chembe ya kwanza.

Duara.

Nikamwomba ageuze upande. Duara. Nikamwomba aongeze ukubwa. Duara kubwa, imetapakaa chembechembe kama mchanga. Nikasema hiyo huenda ni mgeni, upepo umeileta, tuone nyingine. Akatuonyesha nyingine, na nyingine, kundi zima limekaa pamoja kama machungwa kwenye sinia, na hakuna hata moja yenye mkunjo. Ni ile ya ukutani. Ile ya kila mahali. Ile inayoota nyuma ya kila nyumba penye bomba bovu.

Nikasema tujaribu tena kutoka kifuko kingine. Bwana Uhakika akanigusa bega, akasema kwa sauti ya chini nirudi nyumbani. Nikamwuliza ana uhakika? Akasema tena, nenda nyumbani. Mimi nikang'ang'ania kifuko kingine. Yule mama, sijui kwa nini, akanikubalia, akaanza upya kazi yote ya dhahabu.

Duara.

Nilipochukua simu kwenye kikapu, ilikuwa imejaa jina moja. Mpwa wangu. Mpwa wangu. Mpwa wangu.

Nilikimbia. Nilipita njia ya mkato.

Dada alikuwa ameshakwenda. Dirisha lilikuwa limefungwa vizuri, halikugonga. Mpwa wangu alikuwa amekaa kwenye kiti kile cha mbao, mikono mapajani. Hakunilaumu. Alisogea kidogo tu, na kwa kuwa kiti ni kimoja, tukakikalia wote wawili, kila mtu nusu, mpaka majirani walipoanza kuingia.

Jumamosi, 16 Machi

Tumemzika.

Watu walikuwa wengi. Kila mtu alikuwa na jambo la kusimulia juu yake. Mimi walinitazama, nikatoa miwani nikaifuta, nikaivaa, nikaifuta tena.

Mpwa wangu amemkata kucha mwenyewe kabla hawajamtoa. Hakutaka mtu mwingine amguse miguu.

Na lile neno la mama limekwenda naye. Nimemwuliza mpwa wangu kama amewahi kulisikia. Hapana. Dada alisema ni langu peke yangu.

Jumatano, 20 Machi

Nimerudi kazini. Nimekuta bilauri ya maji imewekwa mezani kwangu na vioo vyangu vyote vimesafishwa. Sijui nani. Namjua.

Mchana Bwana Uhakika alivuta kiti, akasema ana amana yangu. Akanieleza ile Jumapili walizungumza nini. Dada alimwuliza waziwazi: huu ukoga ni mpya au si mpya? Naye, kwa kuwa hawezi kusema asilolijua wala kuficha analolijua, alimwambia kwamba kwa macho yake ni ule wa kawaida, ila spora zitasema. Dada akacheka. Akasema alijua, ameusugua tangu ujana wake, anaufahamu kama uso wa jirani. Akamwomba asinikatishe tamaa, maana mimi nikikosa la kukimbilia nitaugua. Kisha akasema yeye hahitaji jina kwenye ukoga. Angetaka tu kile kiti kiwe na mtu wake.

Bwana Uhakika aliyasema haya taratibu, akitazama mikono yake. Akasema asingeniambia, lakini ameona si haki abaki nayo yeye. Akaniuliza kama niko salama. Nikasema niko salama. Nikaenda stoo ya mimea mikavu, nikafunga mlango, nikalia kati ya makabati mpaka karatasi za vielelezo zikanilowa mikononi. Nililia kama mtu anayetapika. Sikujua kwamba nina machozi mengi hivyo.

Nikajipangusa. Nikatafakari maneno ya Dada, moja moja, kama mtu anavyopanga spora kwenye kioo. Nimeyaelewa. Nimeyaelewa kabisa. Dada hakunikataza! Alisema nisikatishwe tamaa. Alitaka niendelee.

Jumapili, 24 Machi

Naandika kwa haraka, viatu nimeshavaa.

Nimepata habari za bonde moja lenye maporomoko, mwendo wa nusu siku kwa basi. Mawe yake yana maji mwaka mzima, na hakuna mtu aliyewahi kuchungulia spora za kule. Hakuna hata mmoja! Bwana Uhakika anasema kuna waliokwenda. Wivu. Safari hii sitapasua vifuko vibichi, mimi si mtoto, nitachagua vile vinavyokaribia kukomaa.

Nimeamua itaitwa kwa jina la mpwa wangu. Mama yake alikosa, yeye hatakosa. Nimemwambia asubuhi hii, tena nimemwonya asitangaze kwa watu kabla ya wakati.

Alikuwa ametandika nguo za mama yake kitandani, ili tuzipange leo, zipi za kugawa na zipi za kubaki. Kumbe tulikubaliana. Akasema hanitaki nifanye kitu, Mjomba, wala nisibebe kitu, nikae tu pale wakati anazikunja, maana peke yake hawezi. Maskini, amedhoofika sana. Ndiyo maana inabidi nifanye hima. Nimemwambia nguo haziozi, nitarudi kesho, labda keshokutwa, na habari itakayomfuta machozi yote.

Amesimama mlangoni na gauni moja mikononi, hajalikunja, ananitazama nikifunga mkoba. Nadhani amezidiwa na furaha.

Basi linapiga honi.